Goti la Pimamaji

Amepiga goti! Jamani, Pimamaji amepiga goti! Bila kushika ukuta, hapo hapo jikoni kwake, mkewe akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa! Shikilia hiyo furaha vizuri, maana humu ndani hakuna nyingine.

Pimamaji ni fundi vigae. Wenzake walimpa jina la kile kifaa cha kupimia usawa kwa sababu hata nyumbani meza ikiyumba, hali chakula mpaka akunje karatasi aweke chini ya mguu wa meza. Na kazi ya vigae, yaani, ni magoti kutwa. Sasa siku moja akateleza na ndoo ya gundi, goti likaenda huku, mwili ukaenda kule. Likalia ko! Likavimba kama papai.

Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali akalibonyeza bonyeza. "Kaka, ligamenti imechanika, haijakatika. Ni kama kamba iliyobakiza nyuzi. Kisu hakihitajiki."

"Kwa hiyo kazini kesho?"

"Nimesema kisu hakihitajiki. Sijasema muda hauhitajiki."

Akafungwa bendi yenye vyuma pembeni, akapewa mazoezi: lala chali, kaza paja, inua mguu umenyooka. Msimamizi akawa mkewe.

"Baba watoto, inua!"

"Nimeinua."

"Umeinua nyusi!"

Wakacheka, akainua. Uvimbe ukashuka, ngazi akapanda, mpaka ikafika ile siku ya vigelegele. Dada wa mazoezi naye alifurahi, ila akamwonya: kupiga goti nyumbani sawa, tena kwenye godoro, kazini bado. Kamba inajishona polepole, ikivutwa kabla haijakaza inabaki imelegea. Pimamaji akaitikia kabisa. Si yeye huyo anayefokea wenye nyumba wasikanyage vigae gundi haijakauka?

Halafu fundi mwenzake akapiga simu. Kuna kazi ya vigae, bafu tu, dogo kama kabati.

"Unaenda wapi?" mkewe akauliza.

"Kuangalia tu."

"Unaangalia na pimamaji kwapani?"

Akaenda. Na alijitahidi jamani, tusimseme. Alikalia kigoda, mguu kaunyoosha mbele, akaanzia ndani kabisa akarudi nyuma hadi mlangoni. Bendi tu ndiyo aliivua, ilikuwa inambana. Akamaliza. Sasa akawa kasimama mlangoni, anatazama, akaona kigae kimoja kule mbele kimenyanyuka kiasi cha unywele. Unywele! Nani angekiona? Yeye.

Vigae vibichi havikanyagwi. Akautupa mguu mbovu juu ya vyote, akaukanyagisha ukingo wa dirisha fupi la ukuta wa mbele, mguu mzima ukabaki mlangoni, akajinyoosha, akakigonga kile kigae kikakaa. Wakati wa kurudi, mguu ukateleza. Angeweza kukanyaga chini. Hakukanyaga. Alijipinda hewani akaangukia nje, kwenye korido, vigae visiharibike.

Ko!

Safari hii dada wa mazoezi alivuta goti, akalivuta tena.

"Imekatika?"

"Imelegea, kaka. Nikivuta inakuja tu."

"Si tutaanza upya?"

"Tutaanza. Utatembea, hilo naamini. Lakini kupiga goti kutwa nzima... sitakudanganya. Na daktari wa upasuaji naye hajaahidi goti la kazi hiyo."

Mwenzake alikuja kumwona. "Lile bafu, kaka, maji hayatuami hata tone."

"Najua," akasema Pimamaji. Akampa ile pimamaji yake, aondoke nayo.

Siku hizi anakaa kwenye kiti karibu na mlango. Mkewe akimwambia inua, anainua, hakuna anayetania nyusi. Juzi wakati wa kula meza iliyumba, chai ikamwagika. Mkewe akamtazama, akasubiri. Yeye akaendelea kula.

Kama unamjua fundi ambaye goti lake linapona, tafadhali mtumie hii leo.