Shemeji Hataki Kunirudishia Kigari Changu, na Wakwe Wako Njiani

Binti yangu anaolewa, tena na daktari wa mifugo wa Kyerwa, na mahari inakuja wiki hii. Nimeanza na hilo kwa sababu ndiyo furaha yangu, na ndilo linaloniliza. Sasa habari zenu, na wakubwa shikamooni. Admin, nifichie jina, maana huku Nyakakika siku hizi hata mabibi wanashinda mtandaoni.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, mjane, niliishia darasa la saba. Mtoto ninaye mmoja tu, ila huyo mmoja ukimpima na kumi wa wengine, mizani inalala kwake. Nitamwita Koku. Ni mwalimu wa sekondari Mwanza. Nilipoanguka na mkungu wa ndizi nikavunjika nyonga, miguu ikagoma. Ndani natembea kwa magongo, nje nilikuwa nabebwa mgongoni kama mtoto mchanga. Koku akaninunulia kigari cha umeme, magurudumu matatu, kina kiti na usukani, unabonyeza tu kinakwenda. Siku ya kwanza kanisani padri alisubiri watu wamalize kunitazama ndiyo akaanza misa.

Masika yalipoingia njia yetu ikawa utelezi mtupu. Koku akanipigia: "Mama, usikiendeshe kwenye matope, na usikiache kwenye unyevu. Kiweke pakavu penye umeme, betri isipochajiwa inakufa." Kwangu sakafu ni ya udongo na sola yangu ni ya taa tu. Mdogo wake marehemu mume wangu ana nyumba ya saruji kule senta, umeme upo. Nikampelekea. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kwenda mikono mitupu, nikatanguliza dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, mbele ya majirani zake, kama tunavyofanya tukimpa mtu ng'ombe atutunzie. Nilitaka waone kwamba heshima naijua.

Hapo ndipo nilipojifunga. Kwetu ukimkabidhi mtu ng'ombe, maziwa ni yake, na humwondoi mpaka mtunzaji aridhike. Mvua zimekatika, watu wanaanika kahawa, nikatuma mtu akilete, akarudi mikono mitupu. Nikaenda mwenyewe, nimebebwa. Nikamkuta shemeji nje ya kilabu cha pombe, amekaa juu ya kigari changu, miguu yake miwili mizima ameikunja.

"Shemeji, nimefuata chombo changu."

"Ulikuja na rubisi mbele za watu. Mtu wa kuegeshewa chombo tu huletewa rubisi? Nimekilisha umeme wangu masika yote. Kukiendesha ndiyo maziwa yangu."

Na mimi mdomo haukutulia. "Maziwa hunywewa, shemeji. Mtunzaji gani umemwona anampanda ng'ombe mgongoni kwenda kilabuni?"

Watu walicheka mpaka mama muuzaji akaweka kata chini. Nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Shemeji akasema taratibu, "Sawa, mke wa kaka. Siku ya wageni nitakuja nacho mimi, wakwe waone mzee wa ukoo anavyofika. Ukikichukua kwa nguvu, tafuta baba mwingine wa kupokea mahari."

Ndugu zangu, baba mwingine hayupo. Mume wangu na yeye walizaliwa wawili tu. Asipoketi yeye kwenye kiti cha baba, wageni watageuza na ng'ombe wao. Jirani ananisukuma niende kwa mtendaji wa kijiji. Nikienda, kigari nitakipata na harusi ya mwanangu nitaivunja. Nikinyamaza, nitaumbuka. Nilishamwambia mama mkwe wa Koku kwenye simu kwamba nitampokea barabarani mwenyewe. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na hiyo miguu, mama?" Nikamjibu, "Wewe njoo uone." Sasa aone nini? Aone nimening'inia mgongoni kwa jirani, gauni limepanda magotini, na shemeji ananipita kwa kigari changu akipunga mkono?

Koku hajui kitu. Kila akipiga anauliza, "Mama, kigari kizima?" Nasema kizima. Jana ameniambia, "Nikikuona unakuja mwenyewe kuwapokea, nitalia mbele za watu." Nikakata simu nikajifanya mtandao umesumbua. Nikimwambia ukweli, ana hasira za marehemu baba yake, atamtukana baba mdogo na mambo yote yataharibika.

Je, nikamwombe shemeji radhi mbele ya wale waliocheka, wakati mwenye haki ni mimi? Niende kwa mtendaji? Au nimweleze mwanangu, liwalo na liwe? Mnaojua mila na mnaojua sheria, niambieni nishike lipi, na msikawie. Wageni, ukoo mzima na majirani, wote wanakuja Jumamosi.