Siku Niliyowafundisha Vita Waliovibeba

Makofi ndiyo niliyoyasikia kwanza, mwanangu, na kila nikiikumbuka siku ile huanzia hapo. Yalikuwa makofi ya viganja vilivyopinda, ya polepole, nje ya mlango wa babu yangu, kama apigavyo mtu anayeingia kwa mkubwa wake. Sikuwa nimemwona mpigaji. Lakini nilimwona Bibi akiuacha mwiko ndani ya chungu, nikamwona Babu akikishusha kikombe chake bila kunywa, nikajua kwamba mgeni tuliyemngoja tangu tuvune ulezi amefika.

Uhuru bado ulikuwa mchanga. Hapa Tunduma hapakuwa na haya malori mnayolala mkisikia injini zake. Palikuwa na kizuizi cha mti, maduka machache na upepo mwingi. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa saa moja kutoka mpakani, na mpaka wenyewe ulikuwa umetupasua sisi Wanyamwanga kama boga: mbegu huku, mbegu kule. Nilikuwa na miaka kumi na saba, msichana pekee wa kijiji aliyesoma sekondari ya bweni, na nilikuwa likizo. Wazee husema debe tupu haliachi kuvuma. Nami nakuongezea, hata debe lililojazwa jana huvuma, ikiwa kilichomo hakijatulia.

Mgeni alikuwa Babu Mdogo, mdogo wake babu yangu, tumbo moja, ziwa moja. Aliishi ng'ambo, siku hizi pakiitwa Zambia. Tangu Vita Kuu ya Kwanza, zaidi ya miaka arobaini, ndugu hawa hawakuwa wamekula sahani moja. Walikutana misibani, wakaamkiana, wakaulizana habari za ng'ombe. Chakula kikiletwa, mmoja wao alikumbuka kazi nje. Sisi watoto hatukuambiwa sababu. Tulijua tu kwamba kwetu ndugu wanaweza kucheka pamoja na hata kulia pamoja, lakini wasipokula pamoja ukoo una ufa.

Sasa Babu Mdogo alikuwa anaumwa kifua. Alituma mtu aseme, "Nataka nile na kaka yangu kabla sijafa." Babu akajibu neno moja: "Aje." Basi hilo tu ndilo lililongojewa nyumbani kwetu siku ile, mwanangu. Si ng'ombe, si shamba. Tonge moja la ugali.

Aliingia ameinama. Bibi, ambaye kwake alikuwa shemeji wa utani, hakumpa nafasi ya kukaa.

"Ee shemeji, umezeeka hivyo? Hata kivuli chako kimetangulia kupumzika."

"Nimezeeka mukwai," alijibu kwa neno letu la heshima, "lakini meno ya kula kuku wako ninayo."

"Meno? Nayaona mawili, na hayo yenyewe hayasalimiani."

Babu alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile. Nikaleta maji, nikapiga magoti, nikawanawisha wote wawili, mkubwa kwanza. Mikono yao ilifanana, vidole vifupi, vifundo vinene. Maji ya mmoja na ya mwingine yakaingia katika bakuli moja, nami nikayamwaga nje.

Wakati ugali ukisongwa, Babu Mdogo alinitazama. "Na huyu msomi, huko wanamfundisha nini?"

"Muulize mwenyewe," alisema Babu, na kiburi cha babu kilikuwa sautini mwake.

"Historia, Babu. Tumemaliza sababu za Vita Kuu."

"Sababu? Ziko ngapi?"

"Tano."

"Tano!" Akamgeukia kaka yake. "Unasikia? Sisi tulibeba mpaka shingo ikazama kifuani, na hakuna aliyetuonyesha hata moja."

Wakacheka wote wawili. Wakaniambia niseme. Nami, mwanangu, nikasema kama nilivyokariri. Nikasema mataifa ya Ulaya yalikuwa yamefungamana kwa mikataba, mingine ya siri, kama watu waliojifunga kamba moja kando ya genge. Kila taifa lilijaza bunduki kwa sababu jirani amejaza, na jirani alikuwa amejaza kwa sababu hiyohiyo. Waligombea nchi za watu, na yetu ilikuwa mojawapo. Walishaikata kwenye karatasi kabla babu zangu hawajazaliwa au wakiwa bado wananyonya. Kisha mrithi wa kiti cha enzi akapigwa risasi barabarani, katika mji ambao hata mwalimu alishindwa kuutamka vizuri. Mmoja akamwita rafiki yake, rafiki akamwita wake, na katika majuma machache dunia nzima ikawaka.

"Mtu mmoja alikufa mjini kwao," alisema Babu Mdogo polepole, "ndiyo sisi tukaamshwa huku?"

"Ndiyo, Babu."

"Haya. Endelea."

Nikaendelea. Nikaeleza jinsi kule Ulaya walivyochimba mahandaki na kukaa humo miaka, wakiuana kwa ajili ya kipande cha tope. Nikaeleza jinsi huku kwetu Mjerumani na Mwingereza walivyowindana porini, na kwa kuwa ndorobo aliua wanyama wa mizigo, kila risasi na kila gunia vilikwenda juu ya kichwa cha mtu.

"Hapo mwalimu wako kasema kweli," alisema Babu Mdogo. "Punda walikufa, tukawa punda. Mimi wa Mwingereza, kaka yangu huyu wa Mjerumani."

"Mzigo wenu ulikuwa nini?" Babu alimuuliza. Miaka yote ile hakuwa amemuuliza.

"Risasi. Wenu?"

"Risasi."

Walitazamana, kisha wakaangua kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi cha Babu Mdogo. Bibi alikuwa ameweka ugali wa ulezi katikati, na kuku pembeni. Babu akasimulia mwisho wa vita, jinsi Wajerumani walivyozunguka kutoka kusini, wakapita huku Mbozi, wakavuka mpaka naye akiwa na sanduku kichwani. Wakaenda siku nyingi. Ndipo likaja tangazo, wakaambiwa vita vilikuwa vimekwisha Ulaya siku kadhaa nyuma.

"Mwenzangu mmoja alianguka njiani katika siku hizo," alisema. "Huwa najiuliza, alikufa katika vita gani? Vilikuwa vimekwisha."

Babu akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalichovya katika mchuzi, akamwekea mdogo wake kiganjani. Babu Mdogo akalitazama. Macho yake yalilowa.

Mwanangu, laiti ningeinuka wakati ule nikachote maji. Lakini nilikuwa nimeonja utamu wa kusikilizwa na wazee, na ulimi ulioonja utamu huo haujui kunyamaza. Nikasema:

"Mwalimu alisema pia majeshi yaliishi kwa vyakula vya wenyeji. Watu walificha vihenge vyao makorongoni, lakini bado vilipatikana. Kwa hiyo kila kijiji lazima kilikuwa na msaliti aliyeonyesha njia. Hapa kwetu alikuwa nani?"

Chungu kilikuwa bado kinatokota jikoni.

Babu Mdogo akalirudisha tonge kwenye sahani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Ni mimi," alisema.

"Nyamaza, mdogo wangu," alisema Babu. "Kula."

"Ni mimi, mjukuu. Tulivuka tukitokea upande wetu, hatujala siku tatu. Askari walitupiga ili wenye asili ya huku waseme chakula kiko wapi. Aliyekuwa mbele yangu walimwacha njiani anapumua. Mimi nilijua korongo moja tu, la mama yetu." Akavuta pumzi. "Nilidhani watachukua nusu."

Hawakuchukua nusu. Mama yao na dada yao mdogo walikufa kwa njaa masika yale, na wana wote wawili wa mama huyo walikuwa njiani, wamebeba risasi za kuuana. Hayo nilikuja kuambiwa na Bibi.

"Nilijua," alisema Babu.

"Tangu lini?"

"Tangu niliporudi. Kihenge kile kilijulikana na watu watatu. Mmoja nilimkuta kaburini, na mwingine ni mimi."

"Na ukaniita."

"Nilikuita ule. Sikukuita useme."

Kisha akanigeukia. Hakuinua sauti, angeinua, ningelia nikapona. "Rabeka," alisema, "umefundishwa vita vinavyoanza. Vinavyokwisha hukufundishwa. Vita hivi vilikuwa vinakwisha hapa, leo, kwenye sahani hii."

"Mtoto hana kosa, kaka. Kasoma."

"Basi kula."

"Nitakulaje? Neno limekwisha kutamkwa, na mtoto huyu amelisikia. Nikimeza, nitakuwa nimemla mama mara ya pili."

Naikatiza hadithi hapa, mwanangu, kwa sababu nikishaimaliza huwa sina tena la kusema. Babu Mdogo hakurudi kwetu. Mvua za kwanza zilituletea habari za kifo chake. Babu aliishi miaka sita baada yake, na muda wote huo hakuniuliza tena habari za shule. Nilifaulu mtihani ule. Swali la sababu za vita lilitoka, nikaandika zote tano.

Nakuona wewe na wenzako mkiinamia simu, mkitazama miji ya watu ikiporomoka. Mmoja anashangilia huyu, mwingine yule, kama mko uwanja wa mpira. Juzi mmewatenga vijana wawili wa kijiweni kwenu kwa sababu ya vita ambavyo hamjui hata vijito vya nchi vinakopiganwa. Na hapohapo mnashangaa mbolea imekuwa ghali hapo Hasamba, na dereva fulani kakwama mpakani. Vita vya mbali havipo. Moto ukianza kwa mkubwa, majivu huangukia kwa mdogo.

Soma sababu, usiache. Wajue waliofunga kamba, waliochora mipaka, waliojaza bunduki. Hao usiwasahau, na usiwasamehe haraka, maana wapo hata leo na suti zao hazina vumbi. Lakini ukimfikia aliyebeba, punguza mwendo. Kabla hujamwita mtu msaliti, uliza alikuwa na nini shingoni, na nani alikuwa nyuma yake na kiboko. Ukweli ni dawa, nami sikuzuii kuusema. Ila dawa ina saa yake na ina wa kuinywesha, na mimi sikuwa yeye. Ukiwakuta watu wawili wanaokaribia kula pamoja baada ya miaka mingi, wape maji, kaa kimya. Ulimi hauna mfupa, lakini mimi niliona ukivunja nyumba ambayo majeshi mawili yaliiacha imesimama.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo. Akuepushe na mzigo usiojua kilichomo, na bwana asiyejua jina lako. Wanao wasiulizwe kamwe kihenge cha mama yao kiko wapi. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, ukosee mapema, wakati uliyemkosea bado anaweza kurudi. Amina.

Basi Babu Mdogo aliinuka. Bibi alimshika mkono, akasema, "Shemeji, angalau kunywa maji," na utani wote ulikuwa umekwisha sautini mwake. Akatikisa kichwa. Akaitafuta fimbo yake ukutani, akaipata, akasimama kidogo akimwangalia kaka yake.

Kwetu mgeni husindikizwa. Hata adui husindikizwa mpaka penye njia panda. Nilimtazama Babu, nikamwomba kwa macho anyanyuke. Aliweka mikono magotini kama anayetaka kunyanyuka. Akabaki hivyo.

"Kaa salama, kaka," alisema Babu Mdogo.

Babu akalitazama lile tonge kwenye sahani.

Mgeni akainama chini ya kizingiti, akatoka nje kwenye upepo, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsindikiza, akauvuta mlango mwenyewe nyuma yake, taratibu, mpaka ukafungika.