Mpiga Dawa na Mnavu Wangu

Mpiga dawa wetu huchanganya dawa mbili za magugu kwenye bomba, halafu hutia mafuta ya kunatisha mwishoni, kidogo kidogo, kama anayeonja chumvi. Hudondoshea jani tone moja. Likiteleza, anaongeza, likitandaa na kushika, anabeba bomba. Zamani, kabla ya mafuta hayo, dawa iliteleza na mnavu wangu, mboga ya pembeni mwa shamba, ukapona. Mwaka huu nilisimama mbele ya mpiga dawa nikiwa na jembe.

"Huu hupigi. Ni mbegu ya mama yangu."

"Shikamoo, mama. Sogea, upepo unakuja kwako."

"Marahaba. Sisogei."

Akavua koti, akaufunika mnavu wote.

"Enzi za jembe ulitupikia huu hapahapa, sisi wapalizi," akasema.

Alimaliza shamba bila koti, na baridi ya mlima Hanang ilikuwa inauma.