Pindo la Gauni la Shule

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata binti yake akinuna alimwita hivyo. Alishona sare za shule sebuleni kwake, na tabia moja ndiyo iliyompa wateja: hakuna gauni lililotoka mikononi mwake bila pindo nene, la kukunjuliwa mtoto akirefuka. Wazazi walimpenda kwa hilo. Wenye maduka ya sare, bila shaka, walimwombea mabaya.

Ugonjwa ulipoingia na shule zikafungwa, cherehani ilinyamaza. Nani ashone sare ya kwenda wapi? Fundi akabaki na majora ya kitambaa cha buluu kwenye kona, na huyo binti yake wa darasa la tatu, ambaye tangu utotoni aliitwa Kifungo kwa jinsi alivyokuwa wa duara. Sasa hata hilo duara lilikuwa linakwisha. Mtoto hali chakula. Alitafuna kola za nguo zake zote mpaka zikabaki nyuzi, na kila Fundi alipokwenda chooni alimfuata, akakaa chini nje ya mlango.

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Nitatorokea wapi, kwenye bomba?"

Kifungo hakucheka. Zamani angecheka mpaka ashike mbavu.

Asubuhi na jioni aliuliza swali lile lile: shule itafunguliwa lini? Fundi akampigia simu mwalimu wake wa darasa.

"Usimdanganye, mama," mwalimu alimwambia. "Mwambie hujui, ila upo naye. Hilo atalibeba."

Ushauri mzuri, na rahisi ukiwa upande wa pili wa simu. Fundi alipomtazama mtoto usoni, alishindwa kusema "sijui".

"Karibuni tu," akasema. "Ndiyo maana nataka kukushonea gauni jipya la kufungulia shule."

Na kweli alishona. Nyumba ikapata uhai. Kifungo aliokota pini, akatia uzi kwenye sindano, akala sahani nzima bila kubembelezwa. Fundi mwenyewe akaanza kuuamini uongo wake.

Gauni lilipokwisha, Kifungo hakulivaa. Aliligeuza ndani nje, akalipima pindo kwa vidole, kama alivyomwona mama yake akifanya tangu alipokuwa akitambaa chini ya cherehani ile. Uso ukamshuka.

"Mama, mbona pindo kubwa hivi?"

"Si ndivyo ninavyoshona siku zote?"

"Hili linapita yote. Kumbe unajua shule itafunguliwa nikishakuwa mkubwa."

Fundi akatazama, akaona ni kweli. Mikono yake ilikuwa imeachia kitambaa cha kumtosha msichana mrefu, na yeye hana habari. Hapo ndipo angesema hajui. Badala yake akachukua mkasi, akafumua, akalikata pindo lote mbele ya mtoto, kisha akashona ukingo mwembamba usiokunjulika.

"Umeona? Hili ni la sasa hivi. Wiki ijayo unalivaa."

Kifungo akatabasamu. Kilikuwa kipande cha kitambaa tu sakafuni, na Fundi alikifagia upesi.

Wiki iliyofuata redio ikatangaza kwamba shule zitabaki zimefungwa. Baadaye ikatangaza tena. Kifungo akaacha kuuliza. Jirani akampongeza Fundi kwamba mtoto ametulia, na Fundi akatamani kumfukuza, maana alijua utulivu ule haukuwa wa kupongezwa. Mtoto bado alimfuata mpaka mlango wa choo, ila sasa hakuita.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Fundi alimkuta mbele ya kioo, amelivaa gauni. Lilikuwa limepanda juu ya magoti na linambana mabegani. Kwa mazoea Fundi alipiga magoti, akapitisha vidole chini ya ukingo kutafuta kitambaa cha kukunjua. Hakikuwepo. Akalia pale pale, mbele ya mwanawe, jambo aliloapa hatalifanya.

"Sikujua, mwanangu," akasema. "Hata leo sijui."

Kifungo alimtazama bila hasira.

"Sasa mbona ulikata?"

Mtoto akalivua gauni, akalikunja vizuri kama la mteja, akaliweka juu ya cherehani. Kisha akaenda kukaa nje ya mlango wa choo, ingawa ndani hakukuwa na mtu.