Marudiano ya Urangi

Harufu ya mafuta ya mkia wa kondoo kwenye ngozi kavu si nzuri, nakubali. Lakini juzi nilipompita fundi viatu mmoja hapa Makole, mjini Dodoma, akisugua kipande cha ngozi kwa mafuta hayo, miguu yangu iligoma kuendelea. Fundi akaniuliza, "Bibi, una kiatu?" Nikamwambia sina, nanusa tu. Akanitazama kwa ile huruma wanayotazamwa wazee, akarudi kwenye kazi yake.

Nilikuwa nimemkumbuka baba na mpira wake.

Baba alikuwa mwalimu na mwinjilisti wa shule ndogo ya udongo upande wa Hombolo, enzi za Mwingereza. Mpira ule wa ngozi, wenye kibofu ndani na kamba za kufungia mdomo, alipewa na Mzungu wa misheni, ambaye aliamini kwamba kandanda hulainisha mioyo na kuiweka tayari kwa Neno. Baba aliamini kila alichoambiwa na Mzungu yule, isipokuwa kwamba chai inafaa kunywewa bila sukari. Kila Jumamosi aliupaka mpira mafuta kwa uangalifu ambao, mama alisema, hajapata kuuona ukitumika kwa mtoto wake yeyote.

Mwaka ninaousimulia mvua ilitunyima. Uwele ulichomoza, ukatutazama, ukakauka. Wanafunzi wa baba waliondoka mmoja mmoja na wazazi wao kwenda kutafuta chakula, mpaka asubuhi moja baba akaita majina darasani na sauti pekee iliyoitika "nipo" ikawa yangu. Nyumbani tulikunywa uji mwepesi ambao ungeweza kuona sura yako ndani yake. Nilikuwa na miaka tisa, na nilidhani uji ndivyo ulivyo.

Jioni moja baba alitukusanya, akakohoa kikohozi chake cha mimbarini, akasema, "Tunakwenda Urangi, kule Kondoa, kupeleka Injili na kandanda. Watu wa kule ni maskini."

Nikawahurumia sana. Nilichukua gauni langu la zamani, lile lililobaki na mkono mmoja, nikalifunga kwenye kitambaa nikampe mtoto maskini wa Urangi.

Tatizo lilikuwa timu. Kandanda ni watu kumi na mmoja, na timu ya baba ilikuwa imetawanyika pamoja na shule. Tuliobaki tulikuwa sita: baba mwenyewe, mama, kaka zangu wakubwa Eliya na Danieli, baba mdogo Nehemia aliyekuwa seremala na ambaye goti lake liliwahi kupigwa teke na punda, na mimi.

"Hata Gideoni alipunguziwa jeshi," baba alisema.

"Gideoni hakumpanga mkewe golini," mama akajibu. Lakini alipofikiri kidogo akasema, "Haya. Nimedaka mbuzi maisha yangu yote."

Tulisafiri kwa lori la Mhindi mmoja mwenye duka mjini Dodoma, lililokuwa likienda Kondoa kuchukua nta na samli. Dereva wake, Saidi, alikuwa Mrangi, na baba ndiye aliyemfundisha kusoma. Kijiji tulichokwenda kilikuwa kijiji cha kwao. Tulikaa juu ya magunia matupu, vumbi likatupaka sote rangi moja, na baba akaupakata mpira njia nzima kama mtoto mwenye homa.

Tulipofika niliwatafuta maskini, sikuwaona. Mashamba ya mtama yalikuwa yamesimama mabondeni na masuke yameinama kwa uzito. Dada yake Saidi, binti wa rika langu, alinipokea akiwa na kanga mpya mbili. Nilimkabidhi gauni langu kwa moyo wote. Aliligeuza, akatafuta mkono wa pili, akakosa. Akaingia ndani, akarudi na kanga yake moja, akanifunga mabegani. Kisha akanipa kibuyu cha maziwa mgando, nikanywa bila kupumua.

Mechi ya kwanza ilichezwa kesho yake alasiri. Watu walikuja wengi. Baba alieleza kanuni, akaeleza upendo wa Mungu, akaeleza tena kanuni, na mpira ukaanza. Haikupita muda kijana mmoja mrefu akatupita sote, akabaki uso kwa uso na mama. Akainua mguu. Akaushusha.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, akauokota mpira miguuni pake.

Ikawa hivyo kila walipofika golini. Walikuja kwa kasi ya swala, wakaamkia, wakaondoka mikono mitupu. Hatimaye Mzee Ramadhani, baba yake Saidi na mkubwa wa kijiji, akaingia uwanjani na fimbo yake.

"Mwalimu," alisema, "vijana wangu hawawezi kumpigia mama wa watu shuti. Mwache apumzike na wenzake. Binti naye mwache acheze na mabinti. Nitakuazima vijana saba, mmoja akae golini."

Kwa hiyo timu yetu ya Injili ikawa na Wakristo wanne na Waislamu saba. Baba hakuona kasoro. Alikuwa amepanga kuhubiri wakati wa mapumziko, na mapumziko yalipofika alisimama juu ya kiti, akafungua Biblia, akavuta pumzi. Adhana ikaadhiniwa. Uwanja mzima ukaondoka kwenda kuswali, pamoja na walinzi wetu wote na golikipa. Walibaki ng'ombe wawili na sisi. Baba alihubiri hivyo hivyo. Mmoja wa ng'ombe alibaki hadi mwisho.

Waliporudi, Mzee Ramadhani akasema, "Umetungoja, Mwalimu, ahsante. Haya, sema nawe tukusikie." Wakakaa chini wote, wakamsikiliza baba akianza upya, wakitikisa vichwa kwa adabu. Alipomaliza, kijana mmoja akauliza kwa heshima kabisa kama sasa mpira unaendelea.

Tulifungwa saba kwa moja. Hilo moja letu lilifungwa na kijana wa kuazimwa, akimfunga kaka yake wa tumbo moja, na wawili hao hawakusemezana hadi kesho yake.

Baba alimwendea Mzee Ramadhani. "Kwa kanuni za kandanda," alisema, "aliyefungwa ana haki ya marudiano."

"Kama ni haki yenu," Mzee akasema, "marudiano. Wiki ijayo."

Tukakaa wiki nzima. Tukala ugali wa mtama na maziwa, maharage na samli, na asali ambayo nililamba hadi kiganja kikauma. Wiki ya pili tulifungwa sita. Baba akadai marudiano. Wiki ya tatu tulifungwa nne, akadai tena, na Mzee akaitikia kwa uso mkavu kama hakimu. Mimi niliona aibu. Nilijiuliza ni lini baba atakubali kwamba hajui mpira.

Kilichotokea wiki ya tano ndicho kilichonichanganya. Kaka zangu walikuwa wamepata mashavu na mapaja, na hata goti la Nehemia lilianza kukunjika. Hadi karibu na mwisho tulikuwa sare, moja kwa moja. Ghafla Danieli akachomoka na mpira, akawapita watatu, akapiga. Goli! Tukashinda mbili kwa moja. Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika. Nilipogeuka nikamwona baba amesimama katikati ya uwanja na sura ya mtu aliyefiwa. Danieli alimkimbilia mama apongezwe, na mama akamfinya sikio hadi akapiga magoti.

"Nani alikutuma?" mama alimwambia kwa Kigogo, meno yakiwa yamefungana.

Mshindi hadai marudiano. Lori la Saidi lilipokuja, tukapanda. Mzee Ramadhani aliamuru wapakie magunia matatu ya mtama na debe la asali. Baba akasema hapana, haiwezekani. Mzee akasema, "Kwetu zawadi ni ya mshindi, Mwalimu. Au unataka kutuvunjia mila?" Baba akasogea, magunia yakapanda.

Nyumbani aliandika ripoti, na Mzungu wa misheni akaisoma kanisani Jumapili kwa Kiswahili chake cha kupanda na kushuka. "Waliosikia Neno: wengi. Waliookolewa: sita." Watu wakaimba haleluya. Mama alijifunika kanga usoni, mabega yakamtikisika. Nilidhani analia kwa furaha ya wokovu.

Miaka mingi ikapita. Baba alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa na watoto wangu, siku tuliyokuwa tukibangua karanga na mama nikamwuliza: wale sita walikuwa nani? Mbona sikumbuki mtu aliyebatizwa?

Mama akaweka karanga chini, akahesabu kwa vidole. "Baba yako. Mimi. Eliya. Danieli. Nehemia. Na wewe, uliyekuwa umeshaanza kuvimba miguu."

Ndipo akaniambia kwamba baba hakumwuliza Saidi kama kwao wanamjua Yesu. Alimwuliza kama kwao mtama umeiva. Kwenda kuomba hakuweza. Mwalimu wa misheni na familia yake, na kibakuli mkononi, asingeweza. Injili aliipeleka kweli, na aliihubiri kwa moyo wake wote, hata kwa ng'ombe. Ila alihitaji sababu ya kufika, kisha sababu ya kubaki. Saidi alimweleza baba yake, Mzee akawaeleza watu wake, na kijiji kizima kilijua, hadi yule binti wa kanga mbili, wala hakuna aliyetuonyesha kwamba anajua. Walikuwa radhi kutufunga kila wiki mpaka masika.

Ila Danieli. Hadi uzee wake kaka yangu alisimulia goli lile kwenye kila arusi na kila msiba, akilipamba zaidi kila mwaka, na mimi na mama tulikaa kimya tukimsikiliza, maana hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumwambia.