Cicily Gatakaa na Matundu ya Kadi Ambayo Haijatoka

Cicily Gatakaa ana umri wa miaka hamsini na minane, na kwa miaka mitano hakuwa amemimina chai katika mkutano wowote wa kanisa. Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka uijue kamati ya maendeleo ya kanisa lake, nje kidogo ya Kiirua. Kamati ina watu tisa. Wanaume watano hushughulikia ujenzi, ardhi na kuzungumza. Wanawake wanne hushughulikia chai. Makandi, kwa kuwa ni katibu, huandika kumbukumbu za mkutano kwanza, kisha hushughulikia chai.

Cicily alitoka kwenye chai Jumapili moja spika zilipoanza kunguruma katikati ya mahubiri ya mgeni. Alisimama, akatembea mpaka nyuma, akachomoa waya mmoja, akauchomeka kwenye tundu la jirani, akarudi kuketi. Mgeni akaendelea na mahubiri kwa saa nzima, jambo ambalo waumini walimsamehe Cicily. Wiki iliyofuata akapewa kiti cha mitambo, na hakuna aliyemkabidhi birika tena.

Matundu aliyajua mapema. Akiwa na miaka ishirini aliajiriwa kuwa opereta wa simu mjini Meru, enzi ambazo mtu akitaka kuzungumza na Embu ilibidi amwombe mtu mwingine ruhusa. Mtu huyo mwingine alikuwa Cicily. Mbele yake palikuwa na ubao wenye matundu mia mbili, na kwa miaka kumi na mmoja aliamua kwa mkono wake nani azungumze na nani. Kusikiliza kulikatazwa. Alisikiliza. Mitambo ya kujiunganisha yenyewe ilipokuja, alipewa barua ya shukrani yenye makosa mawili ya chapa. Akafungua duka lake chini ya soko la Gakoromone, kati ya muuza maharagwe na mashine ya kusaga. Hapo hupiga chapa, hutoa nakala, na hutengeneza kompyuta, ambazo upande ule wa mji hufa kwa unga kuliko kwa ugonjwa mwingine wowote.

Wateja wakipungua, husoma uvumi kuhusu kadi za grafiki. Kadi ya grafiki ni ile sehemu ya kompyuta inayochora picha na kuituma kwenye skrini kupitia matundu ya nyuma. Kila baada ya miaka miwili hivi hutoka kizazi kipya, na mwaka mzima kabla ya hapo watu wa nchi mbalimbali, ambao hawajaiona, hugombana mtandaoni kuhusu kasi yake. Cicily huwasoma kama alivyowasikiliza watu wa simu.

"Mwenye habari ya kweli ana wasiwasi," huwaambia wateja wake. "Anaandika kidogo, halafu anafuta. Huyu wa mara mbili, mara tatu, huyo anatafuta watu wa kumsoma tu."

Kwa njia hiyo amebashiri vizazi vitatu. Viwili alivipata sawasawa. Cha tatu, kwa maelezo yake, ni kampuni iliyokosea.

Mwaka jana ujuzi huu, ambao Kiirua ulionekana kama kujua majina ya nyota, ulipata kazi. Kompyuta ya kanisa ilikwama siku ya Pasaka ikionyesha ubeti wa pili wa wimbo kwa dakika kumi na moja, na kwaya ikaimba ubeti huo kwa dakika kumi na moja. Kamati ikaamua kununua skrini kubwa ya ukutani na kompyuta mpya. Mwenyekiti, Mwalimu Murungi, aliyekuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi, akasisitiza kwamba kanisa lisinunue kitu cha jana. Basi kompyuta ingengoja kadi ya kizazi kijacho, iliyotarajiwa Januari. Lakini ukuta haungengoja. Nthiga, fundi wa mawe kutoka nyanda za chini za Embu, alikuwa amelaza bomba jembamba kutoka chumba cha mitambo nyuma ya kanisa hadi ukuta wa mimbari, mita ishirini na nane. Bomba hilo lilikubali kebo moja tu, na kila umbo la tundu lina kebo yake.

Kwa hiyo, Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, kamati ya kanisa la mashambani iliketi kujadili kadi ambayo haijatoka itakuwa na tundu la umbo gani.

Mwenyekiti alikuwa amemwalika mtaalamu. Mtaalamu huyo, Mugendi, hufunga kompyuta katika shule za Embu, na kwa bahati ambayo hakuna aliyeifikiria mapema, amemwoa Kiende, binti wa kwanza wa Cicily. Adabu ya ukwe imelegea siku hizi. Watu hula meza moja, hupiga picha pamoja. Lakini mkwe kumpinga mama mkwe wake mbele ya watu, macho kwa macho, ni jambo ambalo Mugendi hakuwa tayari kulianzisha.

"Mwenyekiti," alianza, akimtazama Murungi na kulikwepa dirisha alikoketi Cicily, "naomba umwambie mama, kwa heshima, hiyo kadi inakuja haitakuwa na HDMI, lile tundu la televisheni. Itakuwa na DisplayPort peke yake, zile za skrini za kompyuta, nne. Iko na picha."

Murungi akageuka nusu. "Mama Kiende, mkwe anasema iko na picha."

"Nimesikia, Mwalimu. Niko hapa tu. Mwambie ailete."

Simu ikapita mkononi mwa Murungi, aliyeitazama kwa makini ya mtu aliyepewa eksirei ya jirani, kisha ikamfikia Cicily. Akavaa miwani.

"Mwambie hii ni kadi ya kazi za ofisi. Angalia kibati cha matundu, ni chembamba. Yetu itakuwa nene kama Biblia ya mimbari. Haiwezi kutoshea hapa."

"Anasema ni nyembamba," Murungi akaripoti.

"Mwambie pia itakuwa na kasi mara mbili ya ile iko sasa," Mugendi akasema. "Na kwa kasi hiyo, tundu la televisheni linakuwa la zamani."

"Mwambie theluthi," Cicily akasema. "Theluthi moja juu ya ile ya sasa, na haizidi hapo. HDMI moja itabaki, DisplayPort tatu, vile imekuwa. Kila televisheni duniani iko na HDMI. Hao watu wanauza vitu, hawafanyi maombi ya kufunga."

Mjumbe mmoja akauliza kama haiwezekani kuweka adapta. Cicily na Mugendi walitikisa vichwa kwa pamoja. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku hiyo, na hata hilo walikubaliana bila kutazamana.

"Mimi swali langu ni fupi," Nthiga akasema kutoka mlangoni, mikono kwapani kwa sababu ya baridi. "Jumatatu napiga plasta ama sipigi? Kwa sababu nikipiga, hapo hakuna mtu ataingiza hata sindano."

Murungi akaweka kalamu chini. "Mama Kiende. Ukikosea, kanisa litakuwa limezika waya wa bure kwa ukuta."

"Nikikosea, narudi kwenye chai."

Makandi, ambaye kwa miaka mitano alikuwa amebeba sehemu ya Cicily ya vikombe, aliandika sentensi hiyo haraka kuliko zote za siku hiyo. Kura zikapigwa, sita kwa tatu. HDMI ikapita.

Jumatatu kebo ikavutwa. Ilikuwa ya faiba, uzi wa kioo unaopitisha mwanga, kwa sababu waya wa shaba kwa umbali ule huchoka njiani. Cicily aliifungua, akaagiza ncha zote mbili zifungwe nailoni zisiingie sementi, na Nthiga akazifunga. Cicily hakusoma maandishi madogo yaliyokuwa kwenye ncha. Katika maisha yake yote ya simu waya ulikuwa waya: wa huku akisema, kule wanasikia, na kule wakijibu, huku anasikia. Lakini kebo hii hupeleka picha upande mmoja tu. Ncha moja ni ya kompyuta, nyingine ya skrini, na ile ya kompyuta sasa ilikuwa inachungulia ukutani, juu ya mimbari.

Mugendi aliyasoma maandishi hayo kabla nailoni haijafika. Alikuwa amesimama karibu na mimbari. Mama mkwe wake alikuwa chumba cha mitambo, mita ishirini na nane mbali. Angeweza kupaza sauti. Lakini alikuwa ameshindwa kwa kura juzi tu, na mtu aliyeshindwa juzi akipaza sauti leo anaonekana hajakubali kushindwa. Akamshika Murungi mkono.

"Mwalimu, mwambie mama chanzo kiko mbele. Kinafaa kirudi nyuma."

Nyundo ya Nthiga ilikuwa kazini. Murungi akatembea kanisa zima kwa mwendo wake wa gwaride la shule, akafika.

"Mama Kiende, mkwe anasema huu ni mwanzo tu. Tusonge mbele, tusirudi nyuma."

Cicily aliguswa. Hakutegemea kijana angepokea kushindwa kwa moyo mkubwa namna hiyo. "Mwambie asante," akasema, na Nthiga akapiga plasta.

Januari kadi ikatangazwa. Matundu yalikuwa manne: HDMI moja, DisplayPort tatu. Kampuni ilisema kasi imeongezeka mara mbili na ikaleta mchoro. Waliopima bila kulipwa na mtu wakapata asilimia thelathini na mbili. Cicily akachapa ukurasa huo, akaubandika kwenye mlango wa duka. Wauza maharagwe waliusoma kwa heshima, ingawa mmoja aliuliza kama ni bei mpya ya kutoa nakala.

Machi kadi ikafika, nene kama alivyosema. Jumamosi kamati yote ikaja kuona. Mugendi naye alikuja, akasimama karibu na mlango. Cicily akaiweka ndani ya kompyuta, akafunga skrubu, akafungua nailoni, akachomeka kebo pande zote mbili, akawasha.

Skrini ya ukutani ikabaki nyeusi.

Akachukua televisheni ndogo ya chumba cha mitambo na waya mfupi. Picha ikatokea, safi, rangi zote. Kadi ilikuwa nzima. Akarudisha kebo ndefu. Nyeusi.

Makandi alikuwa ameshafungua daftari. "Imeandikwa hivi," akasoma kwa sauti isiyoonyesha upande. "Mama Kiende akikosea, atarudi kwenye chai."

"Kukosea kuhusu nini?" mjumbe mmoja akauliza.

"Haijaandikwa kuhusu nini. Imeandikwa akikosea."

Cicily hakujiunga na mjadala huo. Alivaa miwani, akaitazama ncha aliyoishika, akasoma. Kisha akatembea mpaka mbele, akapanda kiti, akasoma ncha ya pili. Akashuka taratibu.

"Kebo imelazwa kinyume," akasema. "Picha inapita upande mmoja tu, na ni upande ambao sio wetu. Niliilaza mimi mwenyewe. Makandi, andika: kadi alipatia, waya alikosea."

Kisha akageuka. "Mwalimu, muulize mkwe kama..." Akamtazama kijana moja kwa moja.

"Mugendi. Uliona?"

Mugendi alitazama viatu vyake kwanza. "Niliona, mama."

"Lini?"

"Hiyo Jumatatu. Nilimtuma Mwalimu akwambie chanzo kiko mbele."

Vichwa vikamgeukia mwenyekiti.

"Mimi nilifikisha vile nilisikia," akasema Murungi, kwa utulivu wa mtu aliyesahihisha mitihani ya wengine maisha yake yote. "Chanzo, mwanzo. Hayo maneno ni ndugu."

Nthiga akasema kuufungua ukuta ni kazi ya siku tatu, na hakuna plasta inayosahau kwamba ilifunguliwa. Cicily akavuta kiti, akaketi. "Mugendi, ungekuwa ni wewe, ungefanya nini? Niambie mimi, usimwambie Mwalimu."

"Singebomoa, mama." Alianza polepole, halafu akaongeza mwendo. "Ningehamisha kompyuta iende mbele, kwa kile chumba cha kanzu za kwaya. Kiko nyuma tu ya hiyo skrini, waya mfupi unatosha. Hii ndefu ikae vile ilivyo, ipeleke picha nyuma. Hii televisheni ndogo tuiweke juu ya mlango, mhubiri aone maneno ya wimbo bila kugeuka. Na saa."

"Saa gani?"

"Ya kwenye hiyo televisheni. Inaweza kuonyesha mhubiri ameongea dakika ngapi."

Katika historia ya kanisa lile hakuna pendekezo la kitaalamu lililoeleweka na wote kwa wakati mmoja namna hiyo. Lilipita bila kura.

Ikabaki habari ya kiti. Cicily alikuwa tayari amesimama. "Nilisema neno langu, na liko kwa kitabu. Birika iko wapi?"

"Keti kwanza, Mama Kiende," Makandi akasema. Hakuwa amewahi kupendekeza kitu katika kamati ile, kwa kuwa mikono yake hujaa. Siku hiyo alipendekeza mambo mawili. La kwanza, kiti cha mitambo kiwe cha watu wawili, Cicily na Mugendi, nao wazungumze wenyewe bila mtu katikati. La pili, chai izunguke kwa wajumbe wote tisa, ianze na aliyepeleka ujumbe. Mwenyekiti, aliyekuwa akiulizana na Nthiga kuhusu rangi ya ukuta, aliunga mkono yote mawili.

Saa kumi Cicily na mkwe wake walikuwa katika chumba cha kanzu, wakisogeza meza. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya Mwalimu Murungi akiuliza sukari huwekwa wapi. Cicily alikuwa anaeleza, huku akipanga waya, kwamba kizazi kitakachofuata kitaleta HDMI mbili, na kasi itapanda robo tu, kwa sababu wataishiwa na umeme wa kukilisha.

"Hapana, mama," Mugendi akasema. "Hapo unakosea."

Alisema akimtazama. Cicily akaacha waya, akafuta kiti cha pili kwa ncha ya leso, akamsukumia.

"Kaa hapa," akasema. "Anza na umeme."