Kitanda cha Kamba Nne

Ishmael Nyangau alikuwa fundi wa redio sokoni Mosocho, na kama ulitaka kitu chako haraka, ungepeleka kwingine. Redio ya mteja ilingoja hata mwezi. Kilichomkosesha usingizi ni kidude kisichokuwa na mwenyewe.

Mwaka wa 1972 meneja mmoja Mwingereza wa shamba la chai, upande wa Sotik, alifungasha virago akarudi kwao. Alimwachia Ishmael sanduku la mabaki ya ndege yake ya kuchezea, ile aliyokuwa akiirusha na kuiongoza kwa mitambo ya redio. Ndege yenyewe ilikuwa imevunjikavunjika. Vilivyokuwa vizima ni vimota vinne, vidogo kama viberiti, vilivyokuwa vikipinda mkia na mabawa. Mzungu aliviita servo. Kasoro yake ni kwamba vilizunguka nusu tu, vikagota, vikasimama.

Nyumbani, mama yake Ishmael, Nyanchera, alikuwa na miaka miwili hajakanyaga kanisani. Miguu ilikuwa imekataa, na kanisa lilikuwa juu kilimani. Kila Sabato alioga akavaa gauni lake la bluu, na Bitutu, mkewe Ishmael, akamkalisha mlangoni ili asikie nyimbo upepo ukizileta. Hakutaka kitu kingine ila kurudi kwenye benchi lake.

"Ishmael, utanipeleka lini?"

"Nitatafuta watu tukubebe, Mama. Wacha kwanza nimalize hii kazi."

Kazi yenyewe alikuwa amejitafutia. Pasta Obadiah alitaka kitu cha kuwafundishia watoto kwenye makambi, mikutano ya kanisa ya kila Agosti, na Ishmael akaahidi kuwaonyesha yule mgonjwa wa kupooza aliyeteremshwa na watu wanne kwa Yesu kupitia darini. Alivifungua vimota, akakata kijino kilichozuia gurudumu lisipite, akang'oa waya zilizokiamrisha kimota kisimame, akaunganisha betri moja kwa moja. Sasa vilizunguka bila kukoma, na vikaweza kukunja na kukunjua kamba. Akaweka kimoja kwa kila pembe ya kitanda kidogo cha mgonjwa. Mgonjwa, Yesu na mitume aliwachonga kwa jiwe laini la Tabaka.

Balaa ni kwamba vimota havikwenda sawa. Kimoja kilikimbia, kingine kikajikokota, kitanda kikainama, mgonjwa akaporomoka kichwa chini katikati ya mitume. Ishmael akabadilisha betri, akapaka grisi, akalaani kimoyomoyo kwa namna isiyomfaa Msabato. Mgonjwa akazidi kuanguka.

Nyanchera alitazama yote hayo kutoka kitini pake, akacheka hadi akafuta machozi.

"Wale watu wanne walikuwa wanasemezana," akasema. "Hivi vyako kila kimoja na lake. Si ufunge kamba zote kwa kimoja?"

Ishmael akajifanya hakusikia. Kesho yake akafunga kamba zote nne kwenye kijiti kimoja kilichozungushwa na kimota kimoja, na kitanda kikashuka sawasawa.

Ijumaa ya makambi watoto walijazana mbele hadi wazee wakakosa nafasi. Kitanda kilishuka polepole, mgonjwa wa jiwe akatua miguuni pa Yesu, na umati ukapiga makofi.

"Fundi, nani alikufunza hii?" Pasta akauliza.

"Mama. Yeye ndiye aliyejua nifunge vipi kamba."

"Basi Mama asimame tumwone!"

Ishmael akakitazama kitanda chake.

"Hayuko, Pasta. Hawezi kutembea."

Makofi yakakatika. Aibu ilimpanda Ishmael hadi masikioni, akatamani ardhi immeze pamoja na vimota vyake.

Asubuhi yake, Sabato, alitoka mapema akaenda kumgongea mlango jirani yake Makori, na Makori akawaita ndugu zake wawili. Walifunga miti miwili kwenye kiti cha Nyanchera, wakamwinua akiwa na gauni lake la bluu, wakashika njia ya kilimani. Njia ilikuwa na utelezi. Makori alikuwa mrefu kuliko wenzake, na kila mmoja alikazana kivyake, kimya, kiti kikalala upande.

"Nyinyi! Mtaniangusha kama yule wa jiwe!" Nyanchera akapaza sauti, ameshikilia kiti kwa mikono miwili. "Semezaneni!"

Wakaanza kusemezana. Makori akashusha bega, Ishmael akainua lake, na kiti kikasimama wima hadi mlangoni mwa kanisa.